Metali za Fundi Leonsi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya soko, mashine ya kusaga ya kina mama wa Laela ilianza kugonga. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama ile ya ukutani, nikipima basi la Tunduma limechelewa kiasi gani. Kwanza nilidhani kuna mtu anapiga nyundo nyuma ya banda. Kisha nikahisi sakafu. Mlio ulikuwa wa chini, mzito, wa kurudia, kama wa mtu anayebisha mlango akiwa na hakika kwamba mko ndani. Niliacha debe la watu likiwa nusu, nikakimbilia wenzo wa mafuta, nikauvuta. Plaiwili, lile gurudumu zito la injini, lilizidi kupunguza mwendo, mkanda ukalegea, na unga uliokuwa hewani ukaanza kushuka taratibu juu ya vichwa vya wanawake waliokuwa kwenye foleni. "Imekula jiwe?" mmoja aliuliza. Mwingine akajibu, "Jiwe gani? Hii si ndiyo juzi tu imetoka kufungwa na fundi?"

Nimerudi kuyafikiria haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Fundi Leonsi, kwao Mollo. Simu ilinikuta karakanani kwangu, Milanzi, mikono imejaa oili, nikapokea kwa kiwiko. Nilifika msibani nikiwa bado nanuka dizeli. Uani kwake kulikuwa na pampu ya maji ya mtu, imefunguliwa, imefunikwa turubai, kila kipande kimekaa mahali pake kwenye gunia. Nilishindwa kukaa kwenye mkeka na wenzangu. Nilikuwa nainuka, naenda kulitazama lile turubai, narudi. Mara ya tatu mkono mkavu ulinishika kifundo. Alikuwa Mama Skola, amezeeka mno, ameletwa kutoka Laela kwa gari la kukodi pamoja na wenzake waliobaki. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba. Wewe Atupele," akasema bila kuniachia, "miaka yote hii bado hujatulia tu?"

Sikuwa nimetulia hata siku moja mwaka ule. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Mbeya kutafuta kazi, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kupima madebe na kupokea fedha kwenye mashine ya kina mama. Chumba changu kilikuwa nyuma ya banda, kimetenganishwa na injini kwa ukuta wa tofali moja. Unga uliingia kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye chai. Begi langu lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa. Kila asubuhi nilitoa nguo za siku hiyo, na kila jioni nilizirudisha nikafunga zipu, kana kwamba mtu angeniita usiku. Basi la kwenda Tunduma lilipopiga honi stendi, mwili wangu uliinuka kabla sijaamua. Wanawake walikuwa wameshaizoea tabia hiyo, wakawa wanacheka. "Kaa chini, Atu, dereva hajakutaja." Nilikula kwa Mama Skola, mwenyekiti wa kikundi. Ugali wake ulikuwa wa ulezi, mweusi na mzito, na maharage, na siku ya bahati mgebuka kutoka ziwani. Aliniambia nakula kama mtu aliyeacha gari linanguruma nje.

Kitu pekee kilichonituliza kilikuwa ile injini. Ilikuwa ya dizeli, ya silinda moja, kubwa, ya mwendo wa polepole. Niliisikiliza kupitia ukuta mpaka nikaweza kujua mafuta yamebaki kiasi gani bila kufungua tangi. Fundi Leonsi alipokuja kwa baiskeli na sanduku lake la spana nyuma, nilikuwa namfuata kama kuku anayefuata jembe. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache, na sikuwahi kumsikia akinifukuza. Nikiuliza swali, alinipa kile kipande nikishike, akaendelea na kazi. Majuma machache kabla ya siku ile mashine ilipogonga, mashine ilikuwa imechoka, inatoa moshi mweupe na kushindwa kuvuta. Leonsi akasema inahitaji ringi mpya za pistoni na metali mpya. Metali ni vipande viwili vyembamba vya nusu duara, vinavyokumbatia shingo ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, pale mkono wa pistoni unaposhika. Oili ikipita vizuri, metali na krenki havigusani kamwe, vinaelea. Fedha za kununulia vipuri ziliazimwa kwa Deusi, mnunuzi wa mahindi, shemeji yake Mama Skola, na Deusi mwenyewe ndiye aliyevileta kutoka Tunduma, akavikabidhi mbele ya kikundi kizima.

Leonsi alikuwa ameshaifungua injini yote, vipande vimetandazwa juu ya magunia, alipofika mtu kumwambia kwamba mama yake amefariki. Alifuta mikono, akafunika vitu, akapanda baiskeli. Kikundi kilituma wawili kwenda Mollo na rambirambi: Deusi na mimi. Tulikaa huko mpaka matanga yalipoanuliwa. Niliporudi nilivikuta vile vipande vinang'aa, krenki inang'aa kama kijiko cha harusi, nikadhani Leonsi aliviosha kabla ya kuondoka. Yeye alikuja siku iliyofuata. Nakumbuka alisimama mbele ya magunia muda mrefu, kofia mkononi, na Mama Skola na wenzake wamesimama mlangoni wakimtazama. Akasema, "Asanteni." Nilidhani anashukuru kwa rambirambi. Alivisuuza kwa dizeli, akapuliza kwa mdomo tundu moja moja, akafunga injini. Iliwaka mara ya kwanza. Watu walipiga vigelegele. Haikumaliza majuma mawili.

Jioni ya siku ile mashine iliponyamaza nilikuwa jikoni kwa Mama Skola, namenya vitunguu, na Deusi alikuwa sebuleni. Nyumba haikuwa na dari. Maneno yalipita juu ya ukuta yakashuka kwenye sufuria. "Shemeji, metali mpya haigongi baada ya siku hizi," Deusi alisema. "Zangu zimeuzwa. Humo ndani karudishia zile zile za zamani."

"Mtu katoka kumzika mama yake, Deusi."

"Ndiyo nasema. Msiba una gharama. Mfiwa anaweza kuuza hata shati."

Kikombe kiliwekwa mezani. "Kwa hiyo unataka nini?"

"Sanduku lake la spana libaki hapa. Asiiguse injini. Ifunguliwe Ijumaa mbele ya mashahidi, Jumamosi kikao kielezwe. Tukikuta metali za zamani, yeye anakwenda kwa mtendaji, na sanduku nalichukua mimi kwa deni langu."

"Nani ataifungua? Fundi wa Tunduma haji wiki hii."

Hapo Mama Skola alipaza sauti bila kugeuza shingo: "Atu! Wewe unayesikiliza huko jikoni. Utaweza?" Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza. Deusi akacheka. "Huyu binti wa Mbeya? Huyu ataifungua injini nusu, akisikia honi atatuachia."

Sanduku la fundi si mali tu. Fundi asiye na spana ni mzee mwenye baiskeli. Leonsi alijua hivyo, kila mtu alijua, na sikumsikia akijitetea. Ijumaa asubuhi nilipofika bandani nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ameibana kati ya magoti. Alikuwa ameambiwa anaruhusiwa kutazama, asiguse. "Shikamoo fundi." "Marahaba. Leo mimi ndiye mgonjwa, daktari ni wewe." Upepo wa baridi wa mwezi wa saba ulipita chini ya mabati, na wale wanawake wawili waliowekwa kama mashahidi walijifunika khanga mpaka puani. Nilitandaza mkeka. Nilijiwekea sheria moja, na ndiyo hiyo hiyo iliyoandikwa leo kwa rangi nyekundu ukutani kwangu Milanzi: hakuna kufuta kitu kabla ya kukitazama. Uchafu ni shahidi, ukimwosha, amekwenda.

Nilianza kwa kumwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Iliacha vumbi linalometa, la rangi ya fedha, na chini yake kitu cha ukakasi. Nikakikunja kitambaa, nikakiweka kwenye mkeka. Nikaondoa hedi, kifuniko cha silinda. Nikavuta pistoni. Vidole vya Leonsi vilikuwa vinacheza hewani, vinafungua nati zangu kabla yangu. Niligeuza spana upande usiofaa, akakohoa, nikageuza upande mwingine. Shahidi mmoja akasema, "Fundi, kukohoa nako ni kugusa." Tukacheka wote watatu, yeye hakucheka. Ringi zilikuwa mpya, lakini mianya yake yote mitatu ilikuwa imekaa mstari mmoja, mmoja chini ya mwingine, njia nyeupe ya kupitisha moshi. Na ringi ya pili alama yake ilikuwa inatazama chini badala ya juu. Nilimwonyesha. Aliitazama muda mrefu. "Hiyo ni yangu," akasema. "Siku ile nilikuwa nafunga kwa mikono, kichwa kilikuwa bado Mollo."

Kisha nikafungua kofia ya mkono wa pistoni, nikazitoa metali. Zilikuwa zimechanika. Uso wake ulikuwa na mikwaruzo ya duara, mirefu, kama shamba lililolimwa na jembe la ng'ombe. Mashahidi wakashusha pumzi, na mmoja akasema polepole, "Maskini. Kumbe kweli ni za zamani." Nami nilidhani hivyo kwa kitambo. Halafu nikazigeuza. Mgongo wa metali hugusana na chuma cha mkono wa pistoni, haugusani na krenki. Metali iliyofanya kazi miaka huwa na mgongo wa rangi ya chai, umeungua polepole kwa joto. Hizi mgongo wake ulikuwa mweupe, safi, na alama ya kipimo inasomeka kama imepigwa jana. Nilikwenda kwenye kopo la vyuma chakavu pembeni, nikazitoa zile za zamani halisi, nikazilinganisha. Leonsi hakuwa ameiba kitu. Lakini kitu fulani kilikuwa kimezila metali mpya kwa siku chache, na kosa la ringi peke yake lisingeweza kufanya hivyo.

Krenki ina vitundu vya kupitishia oili, vimetobolewa kwa pembe, vinakutana ndani mahali jicho halifiki. Niliokota unyoya wa kuku uani, nikausukuma kwenye kitundu, nikauvuta. Ulitoka na chembe. Nikaweka chembe moja kati ya meno. Mchanga. "Fundi," nikasema kwa sauti ya chini, "huu mchanga umetoka wapi?"

Leonsi aliangalia mashahidi, ambao wakati huo walikuwa wanazungumzia bei ya maharage. "Funika," akasema. "Kosa la ringi umeliona. Linatosha. Sema fundi alifunga vibaya."

"Ringi haili metali."

"Najua haili."

"Watachukua sanduku lako."

"Atupele," akasema, na ndiyo mara pekee aliyonitaja jina mwaka ule wote, "wewe ni mgeni hapa. Kuna mambo mtu anapewa, akishapewa hahesabu meno." Akainuka kutoka kwenye ndoo, akatoka nje, akasimama akiitazama milima mpaka nilipomaliza.

Jibu nililipata jioni ile bila kulitafuta. Baada ya kula nilibaki naosha vyombo nyuma ya jiko. Mama Skola alikuwa na chungu kilichovunjika nusu ambamo aliweka mchanga wa kusugulia sufuria, mweupe, wa kutoka kwenye kona ya kijito ambako wanawake wote wa mtaa ule walichota. Nilichovya kitambaa, nikatia majivu na sabuni, nikaanza kusugua masizi. Mwanga wa koroboi ukaangukia vidole vyangu, na vidole vikameta. Chembe ndogo bapa, kama magamba ya samaki mdogo. Nilikimbia chumbani kukichukua kile kitambaa cha oili. Zilikuwa chembe zile zile. Nikakaa juu ya kitanda, begi liko kati ya miguu yangu, na mambo yote yakajipanga: krenki inayong'aa, Leonsi na kofia yake mkononi, wanawake mlangoni, lile "asanteni". Wao ndio walioviosha. Na waliviosha kama wanavyoosha sufuria za jumuiya, kwa nguvu, kwa mchanga.

Sikulala vizuri. Nilikuwa na njia tatu, na nilizipima kama debe. Nikinyamaza, mtu asiye mwizi anaitwa mwizi. Nikisema, namwambia mwanamke anayenilisha, mbele ya kikundi chake, kwamba mikono yake ndiyo iliyovunja mashine waliyoinunua kwa miaka ya kuuza mahindi na maharage. Njia ya tatu ilipiga honi stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niliinuka, kama kawaida. Nilishika begi mpaka mlangoni. Kisha nikasikia nyuma ya ukuta injini iko kimya kabisa, na mwanamke mmoja aliyefika mapema na ndoo ya mahindi anauliza hewa, "Leo nako hakuna?" Nikalirudisha begi chini ya kitanda.

Kikaoni Deusi alikaa mbele, mguu mmoja ameuweka juu ya sanduku la Leonsi. Nilieleza kwa mpangilio wa kufungua, kitu kwa kitu. Nilianza na ringi. "Hili ni kosa la fundi." Deusi akapiga kofi moja. "Mmesikia!" Nikapitisha metali, mpya na za zamani, wakazigeuza mgongo mmoja mmoja, mkono kwa mkono, mpaka zikamfikia yeye. Alizikagua sana, alikuwa mfanyabiashara, alijua kitu kipya. "Sawa," akasema mwishowe. "Ni zangu. Basi zimeliwa na nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Niliyaacha. Nilimpa Mama Skola unyoya, nikamwonyesha kitundu cha krenki. "Mama, chokonoa hapa."

Alipiga magoti kwenye mkeka, akachokonoa, akavuta. Alisugua chembe kati ya kidole gumba na kidole, akazipeleka kwenye jua la mlangoni. Wenzake wakainama naye.

"Huu ni mchanga wetu," Mama Skola akasema.

"Mchanga wenu kivipi, shemeji?"

"Wa kijitoni. Wa sufuria." Alibaki amepiga magoti. "Kazi ya mfiwa hailali, Deusi. Angekuwa na shamba tungempalilia. Hakuwa na shamba, alikuwa na vyuma vichafu. Tukabeba ndoo, tukanunua na sabuni. Tulisugua mpaka kucha zikaisha." Akageuka kumtazama Leonsi, aliyekuwa karibu na mlango. "Uliona?"

"Niliona, mama."

"Ulijua?"

"Nilipuliza. Nilidhani umetoka wote."

"Kwa nini hukuviosha tena? Dizeli ilikuwepo."

"Mlikuwa mmesimama pale," Leonsi akasema. "Ningeanza kuosha upya kitu mlichonioshea, mama yangu ana siku chache kaburini? Ningewatazama vipi?"

Mama Skola alinyanyuka, akakung'uta magoti, na nilipoona uso wake nilirudi nyuma. Alikuwa amekasirika kweli. "Ungetuvunja moyo asubuhi moja, Leonsi! Mchana tungekuwa tumesahau. Sasa umetuvunjia mashine!" Bibi mmoja aliyekaa pembeni akasema, "Na mimi ndiye niliyesugua hicho chuma kilichopinda. Nilijua tu mimi ni hodari." Kicheko kilianza kwake, kikaenea, na Leonsi akaangua kilio, hapo hapo, mtu mzima, kilio ambacho Mollo sikumwona akikilia. Deusi aliondoa mguu kwenye sanduku. Alilisukuma kwa kiatu mpaka likamfikia Leonsi.

Krenki ilibidi ipelekwe Mbeya kuchongwa. Nani ataipeleka? Mama Skola alinitazama mimi. Deusi akasema mbele ya watu kwamba kumpa binti huyu fedha na nauli ya kwenda kwao ni kumwaga maji kwenye tenga. Nilipanda basi na krenki imefungwa kwenye blanketi mapajani, na kwa mara ya kwanza begi langu lilibaki chini ya kitanda. Nilirudi baada ya siku nne. Leonsi na mimi tuliifunga pamoja. Kabla ya kufunga, alimwaga dizeli ndoo nzima, akaosha kila kipande mara tatu mbele ya wanawake wote, naye Mama Skola alikuwa anamwambia, "Osha! Osha tena! Hatukasiriki!"

Watu huniuliza nilijifunza wapi ufundi, nami husema Laela, kwenye injini iliyofungwa vibaya. Sisemi lililobaki. Nimekuwa mtu wa kusema kosa pale pale nilionapo. Wateja wananiamini, na wachache wananipenda. Mama yangu alipofariki nilikaa Mbeya wiki mbili, na niliporudi Milanzi kila spana ilikuwa mahali nilipoiacha, na vumbi juu yake, chini ya yale maandishi mekundu. Hakuna aliyegusa kitu. Nilisimama pale, sijui nilikuwa natafuta nini, ndoo pengine.

Ndiyo maana Mollo, watu walipokuwa bado wanakula, nililitoa turubai la Leonsi, nikaketi chini, nikaifunga ile pampu. Mama Skola aliletewa kiti karibu yangu. Alinitazama nikipuliza matundu. "Ile hasara yetu ya mwaka ule," akasema, "unaikumbuka?" Nikamwambia naikumbuka: metali na ringi za kwanza, kuchonga krenki, vipuri vya pili, oili, nauli yangu, shilingi laki moja, elfu tisini na sita na mia tano.

"Umesahau sabuni," akasema. "Tulinunua kwa mia nne."

Nilikaza nati ya mwisho. Basi laki moja, elfu tisini na sita na mia tisa.